Rudisheni Alama Yangu ya Kuuliza

Ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo ilirudi na mikato mitatu ya wino mwekundu, yote kwenye jedwali moja. Jedwali lilikuwa la viumbe waliopanda na nyavu za dagaa huko Kigoma: faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Kwa dagaa na migebuka nilijaza kila kisanduku bila wasiwasi. Kwa yavuyavu niliweka alama ya kuuliza mara tatu, kwenye oda, kwenye familia na kwenye spishi. Msimamizi wangu akazikata zote tatu na kuandika pembeni: “Jedwali si mahali pa maswali. Tafuta jibu.” Kisha akanipunguzia maksi.

Jibu nilikuwa nimelitafuta. Ndiyo maana niliweka alama ya kuuliza.

Nimeshahitimu, nimepata kazi isiyohusu ziwa wala samaki, na maksi zile hazinidai kitu. Ningekwisha kuzisahau kama mdogo wangu, anayesoma chuo kingine kabisa, asingenitumia mwezi uliopita picha ya jedwali lake kwa simu. Mnyama mwingine, mwalimu mwingine, wino uleule. Chini ya picha aliandika, “Kaka, hivi kweli hairuhusiwi kutojua?” Nilianza kumjibu kwa ujumbe mfupi nikashindwa. Haya ndiyo majibu yangu, nayo ni marefu kwa sababu nina hasira ya miaka sita.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Yavuyavu wa Ziwa Tanganyika ni kisahani cha maji yaliyojikaza, upana wake sentimita 2 hivi, kilichozungukwa na minyiri membamba kama nywele. Katikati ana mdomo mpana kuliko ungetarajia kwa mwili wa namna ile. Ukimweka kwenye beseni jeupe unaona kivuli chake kabla hujamwona mwenyewe. Ukimtoa majini anageuka tone. Hawashi. Mimi ni mtoto wa bara, na neno “yavuyavu” nililikuta kwenye kamusi, pamoja na “konyeza”, yote mawili maneno ya watu wa pwani kwa viumbe wa maji ya chumvi. Kuwakuta viumbe hao katika maji ninayoweza kuyachota nikanywa, takriban kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, kulinifanya nihisi kuna mtu amenidanganya mahali fulani katika masomo yangu, ila sikujua ni mahali gani.

Tulitoka Kibirizi jioni, usiku usio na mwezi, maana dagaa huvuliwa kwa taa na mbalamwezi huharibu kazi. Wavu ulipoinuliwa mara ya kwanza, dagaa walimiminika kama misumari, na katikati yao vikateleza vile visahani. Nilianza kuvichota kwa kikombe.

“Hayo ni maji tu, bwana mdogo,” nahodha aliniambia.

“Mzee, maji hayaogelei.”

Aliinama, akaleta taa karibu, akatazama kikombeni. Kile kisahani kilijikunja, kikajikunjua, kikapanda. “Yanakula nini?”

“Vidudu vidogo vinavyoelea. Vile ambavyo dagaa naye anavila.”

Alinyamaza hadi wavu uliposhushwa tena. Ndipo akasema, kana kwamba mazungumzo hayakukatika: “Basi huyu si maji. Huyu ni mwenzetu kwenye sahani.”

Nilirudi na usemi ule ufukweni na sikuujali mpaka nilipoanza kuandika ripoti. Mzee yule alikuwa ameanza na “hayo” na “yanakula”, akamaliza na “huyu”. Kwa swali moja, tena swali sahihi, alimtoa mnyama kwenye ngeli ya maji akamwingiza kwenye ngeli ya wenye uhai. Hakuhitaji jina. Alihitaji sababu.

Ninyi mnaosoma haya mlifundishwa ngeli, tena huenda kwa njia mbili zinazopingana, kutegemea umri wa mwalimu. Mwalimu wa zamani alitazama umbo la neno: m- na wa-, ki- na vi-, n- na n-. Kwake yeye kifaru, kiboko, kipofu na kiongozi walikaa benchi moja na kiti na kijiko, kwa kuwa wote wamevaa ki-. Mwalimu aliyekuja baadaye akasema tuache kutazama mavazi, tutazame neno linavyopatana na wenzake ndani ya sentensi. Kifaru amekimbia; hakuna anayesema kimekimbia, labda kama ni kile cha jeshi. Basi kifaru ni wa A-WA, pamoja na mtu na mbuzi. Neno halikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni swali tunaloliuliza, na kutoka swali moja hadi jingine ukoo mzima unahama nyumba. Waliokitafutia Kiswahili maneno ya biolojia waliuita mpangilio wa wanyama kwa neno hilohilo, ngeli, na sidhani kama walijua walivyolenga vizuri.

Maana mkasa wa yavuyavu ndio huo. Kwa muda mrefu wataalamu walizigawa medusa ndogo za Hidrozoa kwa kutazama mavazi: tezi za uzazi ziko wapi? Wenye tezi kwenye bomba la mdomo waliwekwa kundi hili; wenye tezi kwenye mifereji inayosambaa kutoka tumboni, kundi lile. Halafu wakatazama vijiungo vya kuhisi mizani vilivyoko pembeni mwa mwavuli. Yavuyavu wa Tanganyika akawavurugia kazi. Tezi zake za uzazi ziko kwenye bomba la mdomo, kama za kundi moja. Vijiungo vyake vya pembeni vinamvuta kwenda kundi jingine. Ni mtu aliyevaa kanzu na helmeti ya mgodini: ukimuuliza bawabu wa msikitini na bawabu wa mgodini, kila mmoja atamruhusu apite nusu. Na kana kwamba hiyo haitoshi, mnyama huyu huzaa pia bila jike wala dume, kwa kuchipua visahani vichanga palepale kwenye mdomo wake.

Binamu yake wa maji baridi, Craspedacusta sowerbii, alikuwa amekwisha kuwagombanisha watu kabla. Mwaka 1880 alionekana London, ndani ya bwawa la kufugia mayungiyungi makubwa katika bustani ya Regent's Park. Wataalamu wawili wa Uingereza, Ray Lankester na George Allman, wakamwandikia kila mmoja jina lake karibu wakati mmoja. Hawakukubaliana jina, na wala hawakukubaliana ukoo: Lankester alimweka na Trachymedusae, Allman akamvuta kwa Leptomedusae. Wanaume wawili wenye elimu ya juu kabisa ya zama zao, mnyama mmoja mbele yao, hai, anaogelea. Kama msimamizi wangu angekuwapo angewaambia nini? Tafuteni jibu?

Kuna ugumu mwingine ambao jedwali haliwezi kuuonesha. Yavuyavu wengi wa jamii hii wana miili miwili. Kile kisahani kinachoogelea, medusa, ni nusu tu ya maisha. Nusu nyingine ni polipu, kijiumbe kidogo mno kilichojishika kwenye jiwe au jani, ambacho bila hadubini hutakiona. Huyo Craspedacusta, polipu wake aliokotwa karibu na Philadelphia, Marekani, akapewa jina lake peke yake, Microhydra ryderi, kana kwamba ni mnyama tofauti. Mtoto na mzazi wakaandikishwa kama majirani. Kwa yavuyavu wetu ilikuwa hivyohivyo kwa upande mwingine: jina alilipata karne ya 19, lakini polipu wake alikuja kuelezwa miaka ya 1950, na Mbelgiji Jean Bouillon. Yaani kwa zaidi ya nusu karne watu walikuwa wanabishana kuhusu ukoo wa kiumbe ambaye utoto wake hawajauona. Ni sawa na kumwandikia mtu cheti cha kuzaliwa kwa kumtazama siku ya harusi yake.

Mwaka 1938 Mdenmark P. L. Kramp alijaribu kumaliza ugomvi kwa kujenga chumba kipya, oda ya Limnomedusae, akawaingiza humo yavuyavu hawa na jamaa zao kadhaa wa baharini. Lilikuwa wazo zuri na bado ndilo linalotumika. Lakini chumba cha namna hiyo kina tabia ya kujaza kila asiye na pa kwenda. Mmoja wa waliokaribishwa humo alikuwa kijiumbe kidogo kiitwacho Microhydrula. Mwaka 2010 watafiti walipolinganisha vinasaba vyake waligundua kwamba hakuwa Hidrozoa kabisa. Alikuwa hatua ya maisha ya yavuyavu mwenye kikonyo wa jenasi Haliclystus, ngeli tofauti. Hilo si kosa la herufi. Ni kama kugundua kwamba mtoto uliyedhani ni wa jirani ni wa wilaya nyingine. Mipaka ya oda hiyo imesogezwa zaidi ya mara moja katika miaka ishirini hii, na wanaoisogeza hawaoni haya kuandika kwamba kazi haijaisha. Alama yangu ya kuuliza kwenye kisanduku cha oda haikuwa uvivu. Ilikuwa habari.

Sasa nisikilizeni kwa yale yanayotokea mtu anapojiamini mapema.

Richard Böhm, Mjerumani, aliwaona yavuyavu hawa Tanganyika mwaka 1883, na mwaka uliofuata akafa huko Katanga kabla hajafikisha miaka 30. Mwaka 1893 Robert Günther akaunda kwa ajili yao jenasi Limnocnida. Habari ikawashtua watu wa Ulaya: kiumbe wa baharini, katikati ya Afrika! Miaka miwili baadaye kijana Mwingereza, J. E. S. Moore, akaja ziwani. (Huyu Moore ndiye, pamoja na mwenzake Farmer, aliyeleta mwaka 1905 neno mlilolikariri shuleni kama meiosisi. Hakuwa mjinga.) Alimtazama yavuyavu. Akatazama konokono wa ziwa, wenye magamba mazito yenye miiba kama ya baharini, akayafananisha na mabaki ya mawe ya zama za Jurasiki. Akahitimisha kwamba Tanganyika ni kipande kilichobaki cha bahari ya kale, na mwaka 1903 akatoa kitabu kizima, The Tanganyika Problem, kutetea wazo hilo.

Hoja yake yote ilisimama juu ya kufanana. Yavuyavu huyu anafanana na wa baharini, basi nyumba yake ilikuwa bahari. Ki- yake ni ya kiti, basi kifaru ni samani.

Haikuchukua muda. Miaka ileile ya mwanzo wa karne ya 20, yavuyavu wa jenasi hiyohiyo wakaonekana Ziwa Viktoria na mto Niger, na hakuna mtu aliyekuwa tayari kusema kwamba Niger na Viktoria nazo ni bahari zilizosahauliwa. Wanajiolojia wakamalizia: ziwa limezaliwa na Bonde la Ufa, umri wake ni kati ya miaka milioni 9 na 12, wakati zama za Jurasiki ziliisha yapata miaka milioni 145 iliyopita. Wale konokono walipata mavazi yao humohumo ziwani.

Vitabu vingi vinaishia hapo, Moore akiwa mfano wa aliyekosea. Mimi siishii hapo, kwa sababu dagaa wa Tanganyika, hawa tunaokula na ugali, kweli wana asili ya baharini. Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2008 ulionesha kwamba babu zao waliingia maji baridi ya Afrika Magharibi kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita, bahari ilipoingia nchi kavu, na uzao wao ukafika ziwani baadaye kabisa. Kwa hiyo swali la Moore lilikuwa zuri sana. Jibu lake ndilo lililokuwa na haraka. Kama angeweka alama ya kuuliza pale alipoweka nukta, leo tungemsoma kwa heshima nyingine.

Na yavuyavu je, alipita njia ya dagaa? Hapo ndipo kisanduku cha spishi kinapoanza kuwasha moto. Mwaka 1907 Günther aliwaita wa Viktoria Limnocnida victoriae. Mwaka 1911 wa India wakaitwa indica. Mwaka 1912 wa kusini wakaitwa rhodesiae, kwa heshima ya nchi ambayo haipo tena kwenye ramani. Wengine waliofuata wakasema majina mengi kati ya hayo ni ya bure, hawa wote wa Afrika ni spishi moja inayobadilika kidogo kwa mahali. Wengine wakaendelea kuyatumia. Mtu anayeona huu ni ubishi wa makarani afikirie Ziwa Viktoria. Ziwa lile lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Palipo na maji leo palikuwa nyasi. Kama yavuyavu wa Viktoria ni spishi yake mwenyewe, basi ukoo huo uliponea mahali fulani wakati ziwa limekauka, kwenye mto au kinamasi, na mahali hapo tungepaswa kupajua. Kama ni yuleyule wa Tanganyika, basi kuna aliyesafiri, juzijuzi tu kwa saa ya miamba, na tungependa kujua alipandia nini. Tone la jeli la sentimita 2 limebeba historia ya maji ya nusu ya bara. Na ninyi mnataka nijaze neno moja ili jedwali lipendeze.

Hata neno lenyewe halijatulia. Kuna wanaoandika tanganyicae, kwa y. Kuna wanaoandika tanganjicae, kwa j ya Kijerumani, kwa kuwa Wajerumani walikuwa wakiandika hivyo jina la ziwa. Dagaa wa ziwa hilohilo, Stolothrissa, kapewa tanganicae, bila y wala j. Msimamizi wangu alinisahihishia kwa y. Nilimwonesha kitabu chenye j. Alisema, “Andika kama nilivyoandika mimi.”

Nitakuwa mwadilifu kwake, maana hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanafunzi wengi kuliko viti, mwongozo wa kusahihisha wa kurasa mbili, na mwisho wa wiki wa kukabidhi maksi. Alama ya kuuliza ni ghali kuisahihisha. Jibu lililokatwa na mkasi linasahihishwa kwa nusu dakika. Swali linakulazimisha ukasome. Na yeye mwenyewe alifundishwa hivyo. Kwenye mitihani yetu neno “ainisha” ni amri, halijawahi kuwa mwaliko. Ainisha viumbe vifuatavyo. Viumbe havina hiari, wala mwanafunzi. Tulikariri faila na ngeli kama tulivyokariri majina ya wakoloni na miaka yao, vitu vilivyokwisha kutokea, vikakauka, vikawekwa kwenye kabati. Hakuna aliyetuambia kwamba kabati lile linapangwa upya kila mwaka na kwamba kuna vyupa ndani yake ambavyo wenye kabati wenyewe hawajui waviweke rafu gani. Huo ndio ugomvi wangu: tulifichwa shaka. Wenzetu wa nchi nyingine wanajengea shahada za uzamivu juu ya shaka hiyohiyo.

Rafiki zangu wawili walisoma rasimu ya makala hii na wote wakapinga, kila mmoja kwa upande wake. Wa kwanza alisema tuachane na majina yao. Tumpe mnyama jina letu, tufute Rhodesia, tufute j ya Kijerumani, tuishi. Ninamwelewa, na lile rhodesiae linanichoma kama linavyomchoma. Lakini kubatiza bila kuchunguza ni wino mwekundu uleule, tofauti ni mkono tu. Kama wa Viktoria na wa Tanganyika ni wawili, jina moja la kizalendo litatuficha sawasawa na lile la kikoloni. Wa pili alisema: mvuvi hali oda wala familia, kwa nini tusihangaike na yanayomhusu? Huyu ndiye aliyenikera zaidi, kwa sababu anazungumza kwa niaba ya nahodha ambaye hajamwona.

Nahodha yule ndiye aliyeuliza anakula nini. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Watu wa Kibirizi, Katonga na Ujiji walikaa nchi kavu wakitazama maji. Mtu aliyeombwa aache mtumbwi wake miezi mitatu kwa ajili ya dagaa ana haki ya kuuliza ni nani wengine wanaokula chakula cha dagaa, na kwa kiasi gani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la Nature ulionesha kwamba kupanda kwa joto kunapunguza uzalishaji wa ziwa: maji ya juu yanapokuwa na joto zaidi hayachanganyiki vizuri na ya chini, na virutubisho vinabaki kilindini. Chakula kikipungua, kila anayekaa kwenye sahani ile anahesabika.

Na huyu wa kwetu haeleweki hata anavyokula. Watafiti wa Kifini waliofanya kazi ziwani walikuta ndani ya miili ya baadhi ya yavuyavu hawa sianobakteria wadogo mno, wale wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, na walichapisha habari hiyo mwaka 2012. Kwa hiyo mwenzetu kwenye sahani huenda ana kishamba chake mwenyewe mfukoni. Ni mwindaji, ni mkulima, au ni vyote viwili kwa zamu? Na kama anayeitwa spishi moja ni spishi mbili, moja yenye shamba na nyingine isiyo nalo? Huwezi kuhesabu walaji wakati hujui kama unahesabu kabila moja au mawili. Uainishaji ndio unaoanza, hesabu inafuata. Aliyedhani ni pambo la vitabu hajawahi kupewa jedwali lenye makosa akaambiwa apange nalo msimu wa uvuvi.

Sina ugomvi na Wafini, wala na Wabelgiji. Walikuja, wakafanya kazi, wakaandika. Ugomvi wangu uko nyumbani, kwa sababu kazi iliyobaki ni ya mtu anayekaa karibu. Inataka sampuli za misimu yote, za kaskazini na kusini, za Tanganyika na za Viktoria, zilizochukuliwa na mikono ileile kwa namna ileile, kisha zilinganishwe. Vifaa vya kuanzia si vya kutisha: kikombe, chupa, spiriti, karatasi, penseli. Fundi maabara mmoja ndiye aliyenifundisha hilo la penseli. Nilikuwa nimeandika lebo zangu kwa kalamu nzuri ya wino, kwa mwandiko wa kujivunia, nikazitumbukiza kwenye chupa. Asubuhi spiriti ilikuwa ya bluu na karatasi zilikuwa nyeupe. Hakunigombeza. “Wino unayeyuka humu,” alisema. “Penseli inabaki.” Akanipa ya kwake, fupi kama kidole gumba.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuanza kazi hiyo wiki ijayo. Lakini haanzi, kwa sababu kwenye jedwali alilopewa kila kisanduku kimeshajazwa, na hakuna mtu anayekwenda ziwani usiku kutafuta kitu kilichokwisha kupatikana. Vyuo vyetu vinalalamika kwamba wanafunzi hawana mada za utafiti, wanarudia zilezile za miaka kumi iliyopita, wanabadilisha jina la wilaya. Mada mlizikata kwa wino mwekundu, wakubwa zangu. Ziko kwenye pembe za ripoti za zamani, mkizitafuta.

Ninachodai ni kidogo. Jedwali liongezewe safu moja baada ya spishi, na juu yake paandikwe: nani anasema hivyo, na kwa ushahidi gani. Anayejua ajaze. Asiyejua aeleze amefika wapi na amekwama wapi, na apewe maksi kwa uzito wa pale alipokwama. Mwalimu atakayeona safu hiyo inachelewesha usahihishaji atakuwa na haki, na bado nitadai.

Mdogo wangu nilimpigia simu badala ya kumwandikia. Nilimwambia arudishe alama zake za kuuliza. Akaniuliza maksi atazipata wapi, nami sikuwa na jibu, maana zangu sikurudishiwa. Tulikaa kimya kidogo, vocha yangu ikawa inakwenda. Juzi alinitumia picha ya jedwali lile alilolikabidhi kwa mara ya pili. Kisanduku cha spishi amekijaza kama alivyoelekezwa, kwa wino, kwa herufi za kuchapa. Ila ukikuza picha, pembeni kabisa ya jina, kuna kialama kidogo kilichopinda, cha penseli.